Posho, Kiinua Mgongo na Haki: Msamiati wa Kipato kutoka Vocabulaire ya André Yav hadi Fungurume

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wameizoea fasihi ya mwambao, ya Tanzania na ya Kenya kiasi kwamba Kiswahili cha Kongo, kinapotajwa, aghalabu hutajwa kama suala la lahaja tu. Huulizwa kinavyotamkwa na kinavyochanganyika na Kifaransa. Ni nadra kuulizwa kinasema nini. Matokeo yake ni kwamba maandishi ambayo yangeweza kuwafunza wasomaji wa Kiswahili jambo zito juu ya maisha ya mfanyakazi yamebaki mikononi mwa wanaisimu na wanaanthropolojia.

Makala haya yanaichunguza mojawapo ya kazi hizo, Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyokusanywa na André Yav na kutolewa mwaka 1965 kwa jina la chama cha watumishi wa majumbani katika mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Johannes Fabian aliichapisha upya mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango. Swali linaloulizwa hapa ni moja: kazi hii, na lugha iliyoizaa, inasema nini juu ya uhakika wa kipato? Je, mtu hupata riziki kwa kuwa amepewa, kwa kuwa ameifanyia kazi, au kwa kuwa ni haki yake?

Swali hili si la historia pekee. Mjadala wa kipato cha msingi kwa wote, yaani fedha anayopewa kila mtu kwa vipindi maalumu bila sharti la kazi na bila kupimwa umaskini wake, umeenea duniani na kufika Afrika Mashariki. Mahali panapofaa kuupima ni Fungurume, mji ulio kati ya Likasi na Kolwezi katika mkoa wa Lualaba, juu ya shaba na kobalti nyingi. Hoja ya makala haya ni kwamba msamiati wa kipato katika ukanda wa shaba umejengwa juu ya picha ya kulishwa. Ndiyo maana uhakika huo ulipoondolewa, watu waliulilia kama yatima badala ya kuudai kama wadai.

2.0 Safari ya neno posho

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, au nguo na shanga alizopewa ili akinunue. Haikuwa ujira. Ujira ulikuwa wa mapatano. Posho ilikuwa ya kumwezesha mtu kufika kesho akiwa na nguvu za kubeba. Leo neno hilo lina maana zaidi ya moja. Nchini Uganda ni ugali wenyewe. Nchini Tanzania ni fedha za ziada anazolipwa mtumishi akiwa safarini au mkutanoni. Huko Katanga liliingia kambini pamoja na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, likawa jina la mgawo wa chakula wa mfanyakazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo iliacha polepole kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Posho ikabadilika kwa kimo. Sasa ilihesabiwa kwa ukubwa wa familia, ikaandamana na nyumba, shule, zahanati na usimamizi wa mwenendo wa mke na mtoto. Kwa hiyo, kabla nchi haijapata uhuru, mfanyakazi wa machimbo alikuwa na kitu kinachokaribia uhakika wa kipato. Hata hivyo uhakika huo ulikuwa na mlango mmoja, nao ni jina lake katika daftari la kampuni. Jina likifutwa, nyumba huondoka, shule huondoka, na posho huondoka.

Inafaa kuyatazama pia maneno jirani. Mshahara linatokana na Kiarabu shahr, yaani mwezi; ni malipo yenye ahadi ya kurudi kila mwezi. Kiinua mgongo ni taswira ya mtu aliyeinama kwa muda mrefu akipewa kitu cha kumsaidia asimame. Hutolewa mara moja, mwishoni. Haki, nalo la asili ya Kiarabu, hubeba pamoja maana ya uadilifu na maana ya kile anachostahili mtu. Kati ya maneno haya manne, ni haki peke yake lisilomtaja mtoaji. Posho ina mgawaji, mshahara una mwajiri, kiinua mgongo kina anayeaga. Haki ina mwenyewe tu.

3.0 Baba na watoto wake

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi jina linalozungumzia Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Picha hii imeota mizizi katika usemi wa watu wa machimbo wenyewe, na ndani yake mna ukweli mchungu: baba hulisha, na baba huamua. Mtoto hana hati ya madai dhidi ya baba. Ana malalamiko tu.

Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na mrithi wake ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Gécamines. Utaratibu wa posho, shule na hospitali uliendelea. Mwaka 1990 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka, na uzalishaji wa shaba wa kampuni, uliokuwa umezidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukashuka hadi kiasi kisichofika sehemu ya kumi ya hapo baada ya miaka michache. Mishahara ikacheleweshwa kwa miezi mingi. Hatimaye, mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akilipwa fedha za mara moja.

Hapa lugha inaonyesha kilichotokea kwa uwazi kuliko hesabu. Watu waliozoea kitu cha kila mwezi, kinachokua na idadi ya watoto, walipewa kiinua mgongo. Kwa mhasibu, fungu hilo la mara moja lingeweza kulinganishwa na miezi kadhaa ya mshahara. Kwa familia, yalikuwa ni mambo mawili yasiyolingana, kwa kuwa ada ya shule na sufuria ya jioni havilipwi mara moja. Waliondoka, nao baadaye wakaungana kudai zaidi. Mwana Shaba aliyekwenda mahakamani alikuwa ameanza kuivunja picha ya baba, hata kama maneno yake yaliendelea kuitumia.

4.0 Vocabulaire kama hati ya madai

Ni katika mwanga huu kwamba Vocabulaire inastahili kusomwa upya. Kwa kawaida imesomwa kwa njia mbili. Wanaisimu wameifurahia kwa sababu imeandikwa katika Kiswahili cha Katanga kisichofuata tahajia sanifu. Mipaka ya maneno huyumba, na Fabian alihitaji kuisikia ikisomwa kwa sauti na msemaji wa lugha hiyo ndipo ifahamike vizuri. Wanahistoria wameifurahia kwa sababu inasimulia ukoloni, vita viwili vya dunia na kukua kwa mji kwa mtazamo wa walio chini. Masomo yote mawili ni halali. Lakini yote mawili yanaacha swali la kwa nini kundi la watumishi wa majumbani, miaka mitano baada ya uhuru, liliona umuhimu wa kuandika kumbukumbu hizo na kuzisambaza.

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba Vocabulaire ina umbo la hesabu ya deni. Inarudia mara kwa mara kazi, chakula na ujira wa boi, inawataja Wazungu kwa majina waliyopewa na Waafrika, inaorodhesha. Orodha katika kazi hii ni zaidi ya udhaifu wa mtunzi asiyejua kusimulia. Ni mbinu ya mtu anayejua kwamba hakuna daftari jingine lililomwandika. Mchimbaji wa Union Minière alikuwa na namba, nyumba na posho iliyosajiliwa. Boi alikuwa na bwana mmoja, jiko moja na neno la bwana huyo. Bwana alipopanda meli kurudi Ulaya, ushahidi wote wa miaka ya kazi ulipanda naye. Kwa hiyo boi aliandika daftari lake mwenyewe, na akalipa jina la Vocabulaire, kana kwamba kuyapanga maneno ya mji ni kuthibitisha nani aliujenga.

Katika hili kazi ya Yav inaipita lugha ya Bana Shaba. Haina baba wa kumlilia. Inazungumza na wenzake waliotumika, na kupitia kwao inazungumza na taifa jipya. Sauti yake haisemi "tumeachwa". Inaelekea kusema "tulikuwapo". Hatua kati ya kusema hivyo na kusema "tunastahili" ni fupi, ingawa kitabu chenyewe hakikuipiga.

Mhakiki hana ruhusa ya kumpigia. Vocabulaire haidai kipato kwa kila mtu, na kuitia maneno hayo kinywani kungekuwa kuighushi. Zaidi ya hayo, ina upungufu ambao hoja ya leo haina budi kuuona. Stahili inayojitokeza ndani yake ni stahili ya aliyefanya kazi, tena kazi ya mwanamume kwa kiasi kikubwa. Mwanamke aliyepika nyumbani kwa boi ili boi aende kupika kwa bwana hana daftari hata humu. Deni linahesabiwa kwa utumishi. Asiyewahi kuwa na bwana hadai chochote. Hapo ndipo Vocabulaire na Union Minière, ambazo zinapingana katika mengi, zinakubaliana.

5.0 Jembe bila shamba

Makubaliano hayo si ya Katanga pekee. Maandishi ya Kiswahili sanifu, hususan yale ya kipindi cha Ujamaa, yalimtukuza mfanyakazi na kumwaibisha mnyonyaji. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia katika insha yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, imekuwa jibu la haraka kwa kila anayependekeza fedha isiyo na sharti la kazi. Huulizwa: je, huku si kumlea mgeni asiyeshika jembe?

Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Lakini insha hiyohiyo inasema pia kwamba katika jamii ya jadi mtu hakufa njaa kwa kukosa mali yake binafsi; utajiri wa jamii ulikuwa tegemeo lake. Hivyo jembe na tegemeo yalikwenda pamoja, na kuichukua methali huku tegemeo likiachwa ni kusoma nusu ya hoja. Tena methali yenyewe ina sharti lililofichwa. Mwenye kumpa mgeni jembe anadhani lipo shamba la kulilimia. Ardhi ikiwa ni ya ukoo, jembe ni ukarimu. Ardhi ikiwa imefungwa, jembe ni kejeli.

Fungurume inaliweka wazi jambo hili. Ni nchi ya Basanga, waliofua shaba kwa tanuri zao kabla ya ukoloni. Mwaka 1970 iliundwa kampuni ya kimataifa kwa ajili ya Tenke na Fungurume, lakini kazi ilisimamishwa mwaka 1976, na kwa miaka thelathini madini yalilala. Mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009 chini ya kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan, ambayo mwaka 2016 iliiuzia China Molybdenum hisa zake kwa dola bilioni 2.65, Gécamines ina asilimia 20. Eneo la leseni ni takriban kilomita za mraba 1,500. Mji uliovutiwa na mgodi umejaa watu waliotoka Kasai, Haut-Lomami na kwingineko. Kijana anayeambiwa ashike jembe hana budi kuuliza alime wapi. Na akishika sururu badala ya jembe ndani ya eneo la leseni, huitwa mvamizi.

6.0 Milango mitatu

Kwa sasa faida ya madini inaweza kumfikia mkazi wa Fungurume kwa milango mitatu. Wa kwanza ni mkataba wa kazi, ambao unaubeba pia mfumo wa taifa wa pensheni, kwa kuwa umejengwa juu ya michango ya ajira. Wa pili ni fidia, anayolipwa aliyepoteza shamba au nyumba. Hii nayo ni ndugu wa kiinua mgongo, hutolewa na kwisha. Wa tatu ni mgawo wa mahali. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka za mahali yanapochimbwa madini, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kampuni hutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka.

Mlango wa tatu ni hatua kubwa, kwani unakiri kwamba mahali pana dai bila kujali nani ameajiriwa. Hata hivyo anayepokea ni ofisi na kamati. Mkazi huona darasa au kisima, pengine. Hapati kitu anachoweza kukitegemea mwisho wa mwezi. Tena dai la mahali lina hatari yake. Mara tu stahili inapofungwa kwenye mahali, huzuka swali la nani ni mwenyeji. Katanga inajua gharama ya swali hilo: mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Likasi na Kolwezi, walifukuzwa kwa maelfu, nao hao ndio waliokuwa wamejaa katika ajira za Gécamines. Ugomvi wa kipato ulivaa nguo ya ugomvi wa asili. Hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya neno "wote" katika kipato cha msingi kwa wote. Linazuia haki isigeuke silaha.

Katiba ya mwaka 2006 ina mbegu za njia zote mbili. Kifungu cha 36 kinatamka haki ya kufanya kazi, kinga dhidi ya ukosefu wa ajira, na ujira wa kumtosha mtu na familia yake, ukijaliziwa na hifadhi nyingine zikiwamo pensheni na malipo ya maisha. Kifungu cha 58 kinasema kwamba Wakongo wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na kwamba dola ina wajibu wa kuugawa kwa uadilifu. Kifungu cha kwanza kinazungumza lugha ya Vocabulaire: stahili hupitia kazini. Cha pili kinaanza na watu wote, na hakitaji kazi. Kama matini, kifungu cha 58 ndicho chenye ujasiri zaidi. Kama sheria, ndicho kisicho na utaratibu wa kukitekeleza.

7.0 Pensheni isiyo na mwajiri

Je, Kiswahili kina neno la kitu hicho? Zanzibar ilijibu kwa vitendo. Mwezi Aprili 2016 ilianza kutoa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza kama alichangia au kama ni fukara. Kiasi kilikuwa kidogo, na baadaye kiliongezwa. Kilicho kikubwa ni muungano wa maneno mawili. Pensheni lilikuwa neno la mwajiriwa. Lilipounganishwa na jamii lilimfikia mvuvi, mkulima wa mwani na mwanamke aliyelea nyumba maisha yake yote. Yule ambaye Vocabulaire haikuwa na daftari lake ameandikwa hapa.

Nchini Kenya, katika kaunti ya Siaya na ya Bomet, shirika la GiveDirectly limeendesha jaribio ambamo watu wazima wa vijiji kadhaa waliahidiwa takriban dola 22.50 kwa mwezi kwa miaka 12. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuonyesha kwamba watu waliacha kazi kwa ujumla; wengi waligeukia shughuli zao wenyewe. Hili linalijibu pingamizi la jembe kwa ushahidi. Lakini kwa mizani ya makala haya, jaribio hilo limebaki upande wa hisani. Ahadi ikivunjwa, mwanakijiji hana wa kumshtaki. Lugha ya dini, ya Kiislamu na ya Kikristo, imeihifadhi tofauti hii kwa muda mrefu katika maneno zaka na sadaka: sadaka ni hiari ya mtoaji, zaka ni fungu linalompasa.

Hata palipo na sheria, haki yaweza kurudi kuwa posho. Jimbo la Alaska nchini Marekani limegawa faida ya mfuko wa mafuta kwa kila mkazi tangu mwaka 1982. Mwaka 2016 gavana alikata kiasi hicho karibu nusu, na mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba fedha hizo hutegemea idhini ya bajeti ya kila mwaka. Onyo hilo linaihusu Lualaba kwa karibu. Mwezi Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa sababu ya kuporomoka kwa bei, na Oktoba ikaweka viwango vya mgawo. Kipato kinachopanda na kushuka pamoja na bei ya kobalti hakina uhakika, hata kikigawiwa kwa wote. Pale panapotegemewa madini, panahitajika akiba inayosawazisha miaka ya neema na ya ukame, na asilimia 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo ndiyo iliyo karibu zaidi na wazo hilo.

8.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba ukanda wa shaba haukukosa wazo la uhakika wa kipato. Uliujua tangu zama za kambi, ukaupoteza, na kumbukumbu yake ingali hai. Kilichokosekana ni neno la kuudai. Posho iliwafunza watu kushukuru na kuogopa. Kiinua mgongo kiliwafunza kuaga. Vocabulaire ya André Yav iliwafunza kuhesabu, na kwa hilo inastahili kuhesabiwa miongoni mwa maandishi muhimu ya Kiswahili ya karne ya 20, si kama mfano wa lahaja bali kama tafakuri ya wafanyakazi juu ya wanachostahili. Mpaka wake ni kwamba ilihesabu watumishi peke yao.

Huko Fungurume hesabu hiyo inabaki wazi. Mtoto anayezaliwa leo juu ya shaba hana namba ya kampuni, hana bwana, na pengine hana babu wa Kisanga. Jina lake halimo katika daftari la kazi wala la fidia. Kifungu cha 58 kinamtaja, ingawa si kwa jina. Utaratibu wowote utakaobuniwa kwa ajili yake utapimwa kwa swali lilelile la msamiati: siku fungu lake litakapokosa kufika, je, atalalamika kama mtoto aliyenyimwa, au atadai kama mwenye mali?